Kidokezo Kilichokatwa: Upatanisho wa Kisarufi na Msaada wa Programu Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Kila amri ya programu ya kompyuta huelezwa mara mbili: kwa urefu katika faili za maelezo, na kwa ufupi katika msaada ambao mtumiaji huusoma kwenye skrini anapouomba. Maelezo hayo mawili yakiandikwa mbalimbali, hayakawii kupingana, kwani anayesahihisha moja husahau la pili. Dawa iliyozoeleka ni kuuzalisha msaada kutoka katika faili za maelezo zenyewe. Katika lugha ya programu ya Perl, kwa mfano, moduli ya Pod::Usage husoma maelezo yaliyoandikwa ndani ya programu, huchukua muhtasari wa matumizi na orodha ya chaguo, na kuvitoa kama msaada. Kosa likisahihishwa katika chimbuko, limesahihishwa pote.

Ubora wa njia hii hauna ubishi. Linalostahili kuhojiwa ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba sentensi ikinyofolewa kutoka katika aya hubaki na maana yake kamili. Katika Kiswahili dhana hiyo ina kasoro. Faili ya maelezo yaweza kusema: "Amri hii huorodhesha faili zilizomo katika folda. Huzipanga kwa tarehe." Msomaji wa aya nzima hatatizwi. Lakini mashine ikitoa sentensi ya pili peke yake, kiambishi cha yambwa -zi- hubaki yatima: chaweza kuwa cha faili, cha folda, au cha nomino nyingine yoyote ya ngeli hiyo. Kiswahili huubeba urejeleo ndani ya kitenzi, na mwandishi mzuri hufundishwa asirudierudie nomino. Sifa ya ufasaha katika insha hugeuka kuwa ila katika msaada.

Uzito wa jambo hili huonekana Garissa, Wajir na Mandera. Lugha ya kwanza ya wakazi wengi wa huko ni Kisomali, ambacho nomino zake zina jinsi mbili, wala hazina mfumo wa ngeli kama wa Kiswahili. Kwa msomaji wa namna hiyo, kiambishi kisicho na nomino yake karibu ni ishara hafifu mno.

Fomu za ODK na KoBoToolbox, zitumiwazo sana katika kazi za misaada, hutungwa katika jedwali liitwalo XLSForm. Swali lina safu yake, kidokezo kifupi safu yake, na mwongozo mrefu safu yake, kwa kila lugha. Mtungaji mwenye haraka hushawishika kuukata mwongozo ili apate kidokezo. Chukulia swali liulizalo: "Je, wako wachungaji walio malishoni, au wageni?" Mwongozo wake waeleza: "Wachungaji ni wanakaya hata wakiwa mbali na ngamia. Wageni wa usiku mmoja si wanakaya. Usiwahesabu." Neno la mwisho likibaki peke yake chini ya swali, karani aweza kuwaacha wachungaji, na kaya ikapungua bila mtu yeyote kudanganya.

Katika eneo hili hesabu si jambo dogo. Mwaka 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, miongoni mwake Lagdera, Wajir Mashariki na wilaya tatu za Mandera. Kilicholalamikiwa kilikuwa ongezeko la watu lisilo la kawaida, si lugha ya dodoso. Hata hivyo tukio hilo laonyesha jinsi tarakimu zinavyoweza kuzua mgogoro. Sensa ya 2019 ilifanywa kwa vifaa vya kielektroniki, na tangu hapo sentensi fupi ya kwenye skrini imekuwa sehemu ya zana ya kuhesabia watu.

Je, njia ya kuzalisha msaada itupwe? La hasha. Kuandika mara mbili hurudisha hitilafu ileile ya awali. Kinachotakiwa ni kuliandika chimbuko kwa namna inayostahimili kukatwa. Kiswahili kina nyenzo ya kufaa: kiambishi hu- hakihitaji kiambishi cha kiima, hivyo "Hupanga faili kwa tarehe" husimama chenyewe mahali popote. Linalobaki ni kuitaja yambwa kwa jina lake: "Usiwahesabu wageni wa usiku mmoja," si "Usiwahesabu." Marudio hayo yatamchosha kidogo msomaji wa kitabu kizima, lakini karani aliyesimama juani nje ya boma, mwenye mstari mmoja tu mbele yake, hana aya ya kurejea.

Kwa hiyo kazi ya mtaalamu wa lugha haianzi programu inapokuja kutafsiriwa. Huanza pale inapoamuliwa ni sentensi ipi itakayokatwa.