Msuko Usio na Msimulizi: Uhakiki wa Karatasi za Sweta

Ndugu msomaji, utaniwia radhi. Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Leo nataka kuhakiki maelekezo ya kufuma sweta. Si utani. Maandishi haya yana msomaji, yana lugha ya kwake, yana msuko (tena wa uzi hasa), na yakiandikwa vibaya kuna mtu anakosa hela. Riwaya mbaya humtia hasara yule aliyeinunua tu.

Nianze na kisa, maana uhakiki wangu umezaliwa humo. Shangazi yangu ni mfumaji hapa Njombe, mahali ambapo mwezi wa saba sweta si pambo. Sindano zake chache ni za dukani, nyingine ni spoki za baiskeli zilizonolewa ncha. Hafumi kwa kusoma. Huchukua sweta ya mtu, huigeuza ndani nje, huhesabu vitanzi kwa ukucha, basi. Juni 2023 mwalimu mmoja akamletea kijitabu cha Kiingereza alichokipata katikati ya mitumba, chenye picha ya sweta nyeupe iliyojaa misuko kifuani, zile za visiwa vya Aran huko magharibi ya Ireland. Aliitaka ile ile, na aliitaka kabla hajasafiri. Shangazi akaniita: "Baba, wewe si umemaliza kidato cha nne? Hebu soma hapa mimi nifume."

Nikasema, "Haya, shangazi, lete." Mtu anayejiita mwandishi wa riwaya atashindwaje na ukurasa mmoja wa sweta?

Ukurasa wenyewe ulikuwa kama aljebra. K2, P2, C4F. Ilinichukua jioni nzima kugundua kwamba ufunguo umewekwa mwisho wa kijitabu, kama wahariri wa tenzi wanavyoweka sherehe ya maneno magumu nyuma. K ni kitanzi cha mbele, P ni cha nyuma. C4F maana yake: vitanzi viwili vihamishie kwenye sindano ndogo ya tatu, iache ining'inie mbele ya kazi, fuma viwili vinavyofuata, kisha rudi ufume vile vilivyokuwa vinasubiri. Vimepishana, na huo ndio msuko. Ikiwa ni C4B sindano ile inakaa nyuma, na msuko unapinda upande wa pili. Hapa simlaumu mwandishi. Hata mshairi wetu hubana neno ili mizani itoshe, na msomaji akizoea anaona utamu wake.

Lawama yangu ya kwanza ni ndogo ingawa ilitugharimu. Kijitabu kilisema sindano namba 8, bila milimita. Sindano za shangazi zimechapwa 8. Nikafurahi. Kumbe namba 8 ya Waingereza wa zamani ni milimita 4, na namba 8 ya Wamarekani ni milimita 5. Hesabu ya Waingereza hupanda namba huku sindano ikizidi kuwa nyembamba. Kijitabu kilikuwa cha Marekani. Na misuko yenyewe huvuta kitambaa ndani, kikawa chembamba zaidi. Mwandishi yule alidhani dunia nzima inanunua sindano duka moja na yeye.

Lawama ya pili ni ya mpangilio wa matukio. Sehemu ya mbele ya sweta iliandikwa hivi: punguza kitanzi kimoja kila ukingo kwa ajili ya kwapa, rudia kwa mistari kadhaa. Sawa. Shangazi kafuma, kamaliza. Aya inayofuata inaanza kwa maneno "na wakati huohuo" na kueleza kwamba shingo ilipaswa kuanza kukatwa huko nyuma tulikokwisha kupita! Jamani. Hii ni sawa na msimulizi anayetueleza katika sura ya tano kwamba mhusika aliyekuwa akizungumza sura ya tatu alikuwa kaburini tayari. Nilimcheka sana mwandishi yule, halafu nikakumbuka daftari zangu nne za riwaya ambazo rafiki yangu alinirudishia akisema, "Sikuelewa yule mama alirudi lini." Nikanyamaza.

Lakini kisa chenyewe kiko kwenye mchoro wa miraba, na hapa naomba twende taratibu. Kila mraba ni kitanzi kimoja, kila mstari wa miraba ni mstari mmoja wa kufuma. Mraba mtupu ni kitanzi cha mbele, chenye kistari ni cha nyuma. Mchoro husomwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu kazi hukua hivyo. Mstari wa kwanza unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hilo halikunishangaza, babu zetu wa Pwani waliandika tenzi kwa herufi za Kiarabu na kusoma hivyo hivyo. Ukigeuza kazi, mstari wa pili unasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Jicho linapanda likizunguka kama jembe la ng'ombe shambani.

Mpaka hapo nilikuwa sawa. Nisichokijua ni kwamba mchoro huonyesha siku zote sura ya mbele ya sweta. Yaani msimulizi wake amesimama upande mmoja na hahami. Mfumaji anageuza kazi kila mstari, yuko mbele, yuko nyuma, lakini mchoro hauzunguki naye. Kwa hiyo mraba mtupu ukiukuta upande wa nyuma, unatakiwa ufume kitanzi cha nyuma, ili anayetazama mbele aone cha mbele. Mimi nikamsomea shangazi neno kwa neno, pande zote mbili. Mtupu, mbele. Kistari, nyuma. Misuko ilipishana kama ilivyoamriwa, ila badala ya kusimama juu ya kitambaa ilizama katika matuta, pande zote matuta matupu, kama shamba la viazi. Shangazi tangu siku ya pili alikuwa akisema, "Mbona haiji kama picha?" Nikamjibu kwa kiburi cha cheti changu kwamba kitabu ndivyo kinavyosema.

Tulifumua. Mwalimu akasafiri bila sweta. Akarudisha malipo yake upande wake, akatuachia uzi uliokunjamana, na shangazi alikuwa ameshaipangia hela ile kazi ya ada ya binamu yangu.

Nilitaka kujua kama kuna anayeandika mambo haya vizuri. Nikasoma kwenye simu, kwa vifurushi vya kuazima. Barbara Walker, Mmarekani, alitoa mkusanyo mkubwa wa mitindo ya kufuma mwaka 1968 na wa pili mwaka 1970, vyote kwa maneno mstari baada ya mstari. Mwaka 1972 akatoa kingine, safari hii kwa miraba. Namsifu kwa kuhama. Maneno yanakupeleka hatua kwa hatua lakini hukuoni unakokwenda. Mchoro unakuonyesha msuko mzima kabla hujagusa uzi.

Hata hivyo anayenivutia zaidi ni Elizabeth Zimmermann, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 kiliahidi ufumaji bila machozi. Huyu anazungumza. Hakutupi peke yako na herufi. Anakupa hesabu ya kukusaidia hata uzi wako ukiwa tofauti na wake. Pima kiwiliwili, kisha kwenye sweta ya kuzunguka vitanzi vya shingo ni kama asilimia 40 ya vile vya kiwiliwili. Mwaka 1958 alianza kijarida chake mwenyewe ili maelekezo yake yamfikie msomaji kama alivyoyaandika. Sisi wa kurasa hizi, tunaojua mhariri anavyoweza kumgeuza mtu, tutamwelewa.

Kuhusu Aran yenyewe, wahakiki wametudanganya kidogo. Imeenezwa kwamba kila ukoo ulikuwa na msuko wake ili mvuvi akizama atambulike. Wengi hutaja tamthilia ya J. M. Synge ya wanaokwenda baharini, iliyochezwa mwaka 1904. Nimeisoma. Humo hamna sweta ya ukoo. Kuna soksi. Nora anaitambua ya kaka yake Michael kwa sababu aliifuma mwenyewe, alianza na vitanzi sitini na vinne vikamtoka. Ni hesabu yake na kosa lake ndivyo vinavyomwambia kwamba kaka amekufa. Naona hilo linaumiza kuliko alama yoyote ya ukoo, na Synge hakuhitaji kulieleza.

Wako watakaosema: karatasi za nini? Mabibi wa Pwani wanasuka ukili wa mikeka bila mchoro, wasusi wanasuka twende kilioni bila kitabu. Kweli. Lakini ukili unajifunza umekaa pembeni ya bibi, anakugonga mkono ukikosea. Aliyeandika kijitabu kile hakuwa pembeni yetu. Alitakiwa ajiweke humo kwa maneno, angalau aseme: ndugu, ukigeuza kazi, geuza na alama. Sentensi moja tu, wala haifiki nusu mstari.

Sasa ninaandika yangu, kwa Kiswahili, katika daftari la hesabu lenye miraba. Mistari ya upande wa nyuma nimeitia rangi ya penseli. Neno "wakati huohuo" nimelileta mwanzo wa aya, kabla kwapa halijaanza. Juzi nilimsomea shangazi mkono mmoja mzima, akafuma, ukatoka. Akaushika, akaupima begani kwangu, akauliza mbona mkono wa pili haumo. Nikamwambia ni uleule. "Uleule?" akasema. "Msuko huu unapinda kulia, baba. Na wa kushoto utapinda wapi?"

Nimerudi kuandika ukurasa wa mkono wa kushoto.