Kinubi, Koto na Mvumo wa Nyuzi

Mwanakwaya yeyote wa Kakamega anayesoma solfa anaweza kuimba skeli ya Kijapani sasa hivi: mi, fa, la, ti, do, kisha mi ya juu. Re na so zinaachwa. Hiyo ndiyo hirajoshi, mpangilio wa nyuzi za ala ya Kijapani iitwayo koto, unaohusishwa na Yatsuhashi Kengyo (1614–1685), mpigaji aliyekuwa kipofu. Huzuni yake inatoka kwenye nusu toni mbili, mi kwenda fa na ti kwenda do, kila moja ikifuatwa na mruko wa toni mbili nzima.

Mtunzi wa kinubi cha okestra, chenye nyuzi 47 na pedali 7, akitaka ladha ya Kijapani huanzia hapo, na papo hapo hukutana na kikwazo. Kila pedali inatawala herufi moja ya noti katika oktava zote, ikiipandisha au kuishusha nusu toni. Nyuzi za noti zisizotakiwa haziwezi kung'olewa. Mkono ukiteleza toka chini hadi juu, nazo zitalia. Mtunzi akiiweka mi kwenye D, amekwama: nyuzi za C na F, uzikaze au uzilegeze, hazifikii noti hata moja ya skeli. Akiiweka kwenye C, mambo yananyooka. C, F na G zinabaki zilivyo, D na A zinashuka, E inapanda ikalingana na F, B inapanda ikalingana na C. Sasa mkono unateleza bila noti ngeni, tena karibu kila C na kila F ina nyuzi mbili za kupigwa kwa zamu, upesi upesi, mpaka sauti itetemeke.

Huu ni ufundi mzuri, ila watunzi wengi huridhika nao wakaishia hapo, ndiyo maana vipande vyao vinafanana. Skeli ni sehemu rahisi. Koto ina nyuzi 13, kila uzi na daraja lake linalohamishika. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unaubonyeza uzi upande wa pili wa daraja, na noti inapanda ikiwa tayari inalia. Pedali ya kinubi inaweza tu kuruka nusu toni nzima. Mtunzi wa Kijapani Toru Takemitsu, katika Rain Spell ya mwaka 1982, alipita njia nyingine: baadhi ya nyuzi za kinubi alizitofautisha na zilizobaki kwa robo toni, sikio likapata zile sauti za katikati ambazo pedali haizijui.

Somo hilo linatufaa huku Magharibi mwa Kenya. Litungu la Wabukusu na nyatiti ya Wajaluo si vinubi kwa maana finyu, kwani nyuzi zake zinaning'inia kwenye mti wa juu unaoshikwa na mikono miwili ya fremu, zikipita juu ya daraja lililosimama kwenye ngozi. Hakuna nafasi ya maana ya kubonyeza nyuma ya daraja. Basi kati ya nyuzi 8 za nyatiti, utenge mmoja kwa la ya pili: mi, fa, la, la iliyoshuka kidogo, ti, do, mi, fa. La mbili zikifuatana, sikio linasikia noti moja iliyopinda.

Kigumu zaidi ni kimya. Sikio lililolelewa na isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, linataka kila pengo lijazwe. Muziki wa koto huacha uzi ufifie wenyewe, na mtunzi wa hapa lazima auandike muda huo kwenye karatasi, pigo kwa pigo, la sivyo mpigaji ataujaza.

Lakini kuna mahali ambapo hatuhitaji kuazima. Biwa na shamisen, ala za nyuzi za Kijapani, zimeundwa ili uzi ukwaruze kidogo na kuvuma. Wajapani huuita mvumo huo sawari, na Takemitsu aliuandikia kwa mapenzi makubwa. Ennanga, kinubi halisi cha Buganda, ina pete za ngozi ya mjusi shingoni kwa kazi hiyohiyo. Kinubi cha okestra kimesafishwa mvumo wote, na mpigaji hulazimika kupenyeza karatasi kati ya nyuzi ili aurudishe. Ningemshauri mtunzi aanze na mvumo, skeli ije baadaye.

Kuazima kumekwenda pia upande wa pili: Mjapani Eriko Mukoyama, tunayemjua kama Anyango, alikwenda Alego kwa Okumu K'Orengo kujifunza nyatiti, ala iliyokuwa ya wanaume peke yao. Alijifunza pia kugonga fremu kwa pete ya chuma iliyovaliwa kwenye kidole gumba cha mguu. Pete hiyo ndiyo ningeikabidhi jo-ha-kyu, ule mwendo wa Kijapani unaoanza taratibu, ukavunjika, kisha ukakimbilia mwisho: mapigo yaliyoachana mwanzoni, yakikaribiana kidogo kidogo, huku vidole vikishikilia noti tano zilezile.