Mtu Mmoja, Nyuzi Nane: Kothbiro Ilivyojengwa

Mwimbaji anayetunga na kuimba mwenyewe, asiye na bendi wala kampuni nyuma yake, ana hesabu tatu za kupiga kila anapobeba ala yake kwenda kazini. Sauti ya mtu mmoja itajazaje mahali palipozoea bendi? Msikilizaji ambaye hakuja kwa ajili yake atamnasaje? Na hela itatoka mfukoni mwa nani, saa ngapi? Hesabu hizi hupigwa kila mwisho wa wiki kwenye hoteli za Diani, baa za Kisumu na mikahawa ya Nairobi, na wengi wanaozipiga hudhani tatizo lao ni vifaa. Wakipata spika kubwa zaidi, gitaa bora zaidi, mambo yatanyooka.

Mimi nadhani jibu limo kwenye umbo la wimbo wenyewe, na mtu aliyelionyesha vizuri kuliko wote ninaowajua ni Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda, akafariki Nyahera, Kisumu, Februari 2019. Waliomwona kwenye filamu ya Out of Africa, akiwa Kanuthia, huenda hawajui kuwa ndiye yule yule aliyeimba Kothbiro, wimbo unaowaambia watoto warudishe ng'ombe nyumbani kwa kuwa mvua inakuja. Mtu mmoja, nyatiti, na sauti isiyopanda hata siku moja kuwa kelele. Twende tuone imewezekanaje.

Tuanze na ala. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, nne juu na nne chini, zilizofungwa kati ya mti wa juu na bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe; leo nyingi ni za nailoni, zile zile za wavuvi. Mpigaji, ambaye Waluo humwita jathum, hukaa kwenye kigoda kifupi karibu na ardhi, ala ikiwa imelala ubavu mbele yake, na mikono yote miwili hudonoa. Hadi hapo tuna kinanda cha nyuzi tu, kama vilivyo vingi Afrika Mashariki. Tofauti inaanzia miguuni. Kidole gumba cha mguu wa kulia huvishwa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga ukingo wa nyatiti na kutoa mlio mkavu wa mapigo. Kwenye mguu hufungwa njuga za chuma, gara, zinazolia kila mguu unapotikisika. Na kwenye daraja la nyuzi huwekwa vipande vya tete vinavyoifanya kila noti itoke na mvumo wa ukwaruzo.

Hesabu sasa: nyuzi za chini zinashika besi, za juu zinashika melodia, pete inashika ngoma, njuga zinashika kayamba, na juu ya hayo yote kuna sauti ya mwimbaji. Matabaka matano, mwili mmoja. Ule mvumo wa tete nao una kazi ambayo mafundi wa sauti wasioijua nyatiti huiharibu wakidhani ni kasoro. Uzi unaodonolewa hulia kisha hufifia upesi. Mvumo huirefusha noti masikioni na kuziba upenyo kati ya mdonoo mmoja na unaofuata. Ukiuondoa, utasikia mashimo kwenye muziki.

Wanamuziki wengi wa leo wanaofanya kazi peke yao hutatua jambo hili kwa pedali ya kurudia sauti. KT Tunstall wa Scotland alijulikana kwa njia hiyo mwaka 2004, alipojirekodi mapigo, gitaa na viitikio papo hapo mbele ya kamera za televisheni ya Uingereza na kuimba juu yake. Pedali ni chombo kizuri. Lakini ikishashika mzunguko, kasi imefungwa: mwimbaji akitaka kuvuta neno kidogo, mashine haimngoji. Kidole chenye pete kinamngoja, kwa sababu kinatii pumzi ile ile inayoimba. Na umeme ukikatika, jambo ambalo wapigaji wa huku wanalijua mno, kidole hakizimiki.

Hesabu ya pili na ya tatu, kunasa watu na kulipwa, jathum alizitatua kwa pamoja kwa desturi inayoitwa pakruok. Katika harusi, matanga au kikao cha pombe, mtu humsimamisha mpigaji katikati ya wimbo, hutoa hela, kisha hujisifu au humsifu rafiki yake kwa majina ya kupamba. Akimaliza, muziki unaendelea kutoka pale pale ulipokatizwa. Wengi wameiandika pakruok kama burudani ya maneno, na ni kweli ni burudani tamu. Lakini itazame kwa jicho la mtunzi. Wimbo unaoweza kukatwa mahali popote na kuunganishwa mahali popote lazima uwe na mzunguko mfupi. Hauwezi kuwa na utangulizi mrefu unaopanda taratibu hadi kilele, kwa sababu mlipaji hatasubiri kilele. Kila mzunguko mmoja lazima uwe umekamilika wenyewe, wenye kuvutia wenyewe. Soko ndilo lililochonga umbo la muziki, na hapo ndipo nyatiti ilipouachia benga, muziki wa magitaa wa Waluo, urithi wake: ukisikiliza magitaa ya D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, utaisikia ile tabia ya kuzungusha kipande kifupi hadi kiwe mahali pa kukaa.

Sasa mchukue mtu mwenye urithi huo umpeleke Uingereza. Job Seda alikuwa ameshapita Black Savage, bendi ya vijana wa Nairobi ya miaka ya 1970, na mwaka 1979 akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band. Mwaka 1986 aliondoka na nyatiti yake. Kule akawa anapiga kwenye vituo vya reli ya chini ya ardhi ya London, wapita njia wakidondosha sarafu. Wakati huo kupiga muziki ndani ya vituo vile kulikuwa kinyume cha sheria. Utaratibu wa leseni na sehemu maalumu za kusimama ulikuja miaka mingi baadaye. Mpigaji wa siku zile alifanya kazi akijua anaweza kufukuzwa katikati ya wimbo.

Tupime mazingira yale. Mtu mwenye haraka hukata takriban mita moja na nusu kwa sekunde. Ujia wa mita 45 unampa mwimbaji sekunde 30 za msikilizaji huyo, tangu anapokunja kona hadi anapopotea. Wimbo wa kawaida wa redio katika sekunde 30 bado haujafika kwenye kiitikio. Mzunguko wa nyatiti katika sekunde hizo umepita mara kadhaa: mpita njia ameusikia, ameutambua, na anaondoka nao kichwani. Umbo lililochongwa ili wimbo uweze kukatizwa na mlipaji wa pakruok likaja kufaa mahali ambapo kila msikilizaji anakatiza kwa miguu yake. Sidhani Ogada alikaa na karatasi kulipanga hilo. Alibeba kilichokuwa tayari kimejaribiwa na vizazi vya majathum, naye akawa na sikio la kutambua kwamba kinafaa.

Ila si kila kitu kingeweza kuhama kilivyo. Ujia wa vigae una mwangwi mrefu. Ukipiga nyatiti kwa kasi ya sherehe ya kijijini, noti zinapandana, maneno yanageuka uji. Humo ndani anayepiga polepole ananufaika: kila noti inapata nafasi ya kusikika na mkia wake, na sauti ndogo inasafiri mbali bila kulazimishwa. Ukisikiliza albamu yake En Mana Kuoyo, iliyotolewa na kampuni ya Real World mwaka 1993, utakuta uamuzi huo kila mahali. Kasi imeshushwa. Maneno ni machache na yanarudi. Irabu zimenyooshwa, kwa sababu msikilizaji asiyejua Kiluo hatashika majina wala vijembe, atashika jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Siwezi kuapa kwamba ni vituo vya London vilivyomfundisha hayo, lakini muziki ule umekaa kama wa mtu aliyezoea mahali penye mwangwi na wageni.

Kutoka kwenye vituo alifika jukwaa la tamasha la muziki la WOMAD mwaka 1988, na hapo tatizo liligeuka. Nyatiti mbele ya spika kubwa ni ala tundu. Ngozi iliyowambwa inatikiswa na chochote kinachotoka kwenye spika za jukwaani, kisha inakirudisha kwenye maikrofoni, na mluzi unaanza. Fundi asiye na uzoefu hukimbilia kubandika kipaza cha kugusa kwenye daraja. Mluzi unapungua, lakini kinachosikika ni mdonoo mkavu usio na bakuli wala ngozi. Njia ninayoiamini ni maikrofoni moja karibu na ngozi, kwa pembeni, masafa ya chini kabisa yamepunguzwa. Nyingine ndogo chini kwa ajili ya pete na njuga. Na spika za jukwaani zishushwe hadi mwimbaji aanze kulalamika. Kijana yeyote anayepiga peke yake hotelini na afike mapema ajaribu hivyo, maana saa moja ya kupima sauti kabla wageni hawajakaa ina faida kuliko wimbo mpya.

Tubaki kwenye hela, kwa kuwa kazi hii bila hela haidumu. Sarafu za kituoni huisha siku hiyo hiyo. Kilichodumu ni wimbo. Kothbiro iliingia kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, na watu ambao hawajawahi kuiona nyatiti wakaisikia sinemani. Kisha mwaka 2018 mwanarapa wa Marekani Kanye West akatumia kipande cha Kothbiro katika wimbo wake Yikes. Hapa ndipo ninapoomba kila mtunzi asikilize vizuri. Sampuli ile haikutoka kwenye rekodi ya Real World. Ilitoka kwenye rekodi ya Black Savage ya mwaka 1976, na watunzi waliotajwa ni James Mbarack Achieng pamoja na Ayub Ogada.

Maana yake ni kwamba wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani melodia na maneno, na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa siku fulani. Anayetaka kuchukua kipande cha rekodi anahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Mwenye rekodi anaweza kuwa kampuni, bendi, au mtu aliyelipia studio. Mtunzi ni yule aliyetunga, hata kama hakuimba siku hiyo. Nchini Kenya na Tanzania haki ya utunzi inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo watoto wake wanaihitaji karatasi kuliko wanavyohitaji ala yake. Wimbo uliotungwa na wawili uandikwe wawili, na kila mmoja na fungu lake, siku ile ile unapotungwa, kabla gitaa halijarudishwa mfukoni. Baada ya miaka 40, simu ya mwanasheria inapoingia kutoka Marekani, mwenzako anaweza kuwa amehama, amegombana nawe au amefariki, na studio mliyorekodia inaweza kuwa imegeuka duka la simu.