Jani la Muwa na Sekunde Chache za Roger Slack

Huko Masoro, katika eneo maalumu la kiuchumi la Kigali, kiwanda cha Africa Improved Foods husaga mahindi na soya kuwa unga wa uji wa lishe. Nafaka na kunde hizo huishia kwenye bakuli moja, lakini shambani hazinasi hewa ukaa kwa njia moja. Mmoja wa waliofumbua tofauti hiyo ni Roger Slack, mwanabayokemia mzaliwa wa Uingereza, aliyefariki New Zealand mwaka 2016.

Mwaka 1961 Melvin Calvin alipata Tuzo ya Nobel kwa kueleza njia ambayo mimea hunasa kaboni, na usanisinuru ukaonekana umeshaeleweka: kaboni ikinaswa, huonekana kwanza ndani ya asidi yenye atomi 3 za kaboni. Watafiti wa miwa Hawaii, akiwamo Hugo Kortschak, walikuwa na matokeo yaliyokataa kuingia katika maelezo hayo. Kwenye muwa, kaboni ilitangulia katika malati na aspartati, zenye atomi 4. Kwa nini? Slack na mwenzake Hal Hatch, katika maabara ya kampuni ya sukari mjini Brisbane, Australia, waliamua kufuatilia.

Walilipatia jani hewa ukaa yenye kaboni 14, ile inayotoa mionzi, kwa sekunde chache tu, kisha wakaliua kwa alkoholi inayochemka. Kuliua upesi ndiko kulikobeba jaribio zima, kwani jani likiachwa hai kitambo kidogo, kaboni hiyo imeshahama. Kilichomo kikatenganishwa, na mionzi ya kila kemikali ikapimwa.

Kufikia hapo walikuwa wamethibitisha tu matokeo ya Hawaii. Uhodari wao ulikuwa katika hatua iliyofuata: majani yaliyokwisha kuonja kaboni 14 yalirudishwa kwenye hewa ya kawaida, yakauawa kwa zamu. Mionzi ikapungua kwenye asidi za atomi 4, ikapanda kwenye ile ya atomi 3, kisha ikafika kwenye sukari. Walipozichambua molekuli atomi kwa atomi, waliona kaboni ya nne ndiyo iliyokuwa ikihama. Walichapisha mwaka 1966.

Kumbe njia ya Calvin ilikuwamo pia ndani ya muwa, ila ilitanguliwa na kituo cha kupokea. Hapo hewa ukaa hunaswa na kimeng'enya kisichobabaishwa na oksijeni, kisha hurundikwa kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani. Ndiyo maana mahindi, mtama na hata mchicha hustahimili jua kali bila kupoteza kaboni kama soya au maharage.

Afrika Mashariki ilipata ramani yake ya njia hizo mbili mwaka 1979, mtafiti Larry Tieszen na wenzake, akiwamo Simeon Imbamba, walipopima nyasi za Kenya: chini ya mita 2,000, kwenye mbuga za wazi, karibu zote zilifuata njia ya muwa, juu ya mita 3,000 karibu zote zilifuata ya Calvin.

Wakati huo Slack alikuwa ameshahamia New Zealand, akichunguza jinsi mimea inavyotengeneza mafuta. Mwaka 1981 yeye na Hatch walipewa Tuzo ya Rank, na Kortschak, kwa haki kabisa, alitunukiwa pamoja nao.