Siri, Binafsi na Faragha: Maoni juu ya Istilahi za Folda

Umepita mikononi mwangu, hapa Mabawa, Tanga, mwongozo mmoja wa matumizi ya kompyuta za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Sura yake moja yaeleza namna ya kuwa na folda ambayo wenzako hawawezi kuifungua, hali ya kuwa nyote mwatumia hazina moja ya mafaili kwa njia ya mtandao. Mfasiri ameandika “folda ya siri” ukurasa mmoja, “folda binafsi” ukurasa wa pili, na “folda iliyofichwa” ukurasa wa tatu, kana kwamba maneno haya ni pacha. Si pacha, na hasara ya kuyachanganya haiishii katika lugha.

Neno siri lina kazi yake maalumu katika utumishi wa serikali. Iko masjala ya wazi na iko masjala ya siri, na jalada lenye mhuri huo halishikwi na kila mtu. Kwa hiyo karani asomaye “folda ya siri” hudhani kuwa jina lenyewe ni kufuli. Nimepata kuona katika ofisi moja, isiyo na haja ya kutajwa, folda iliyoandikwa SIRI kwa herufi kubwa, ndani yake mna barua za nidhamu za watumishi. Na kila aliyewasha kompyuta ya ofisi hiyo aliweza kuzisoma. Jina lilibandikwa, ruhusa hazikuguswa. “Iliyofichwa” ni dhaifu zaidi, maana kuficha ni kuliondoa jina katika orodha tu. Alijuaye hufungua vilevile.

Ama binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imekwisha kulipa neno hili mahali pake: habari zimhusuzo mtu anayeweza kutambulika. Folda ya mwalimu mkuu yenye habari za afya za wanafunzi imejaa taarifa binafsi, lakini si folda yake binafsi.

Neno lifaalo ni faragha, nalo limo katika Katiba yetu, ibara ya 16. Faragha haidai kuwa jambo lisijulikane. Yadai kuwa mwingine asiingie bila ya idhini. Tazama nyumba za kupanga: mlango wa mbele ni mmoja, ukumbi ni wa wote, na vyumba viko kulia na kushoto, kila kimoja na kufuli yake. Jirani ajua chumba changu kilipo, pengine ajua hata saa nirudiyo, lakini hupiga hodi.

Mfano huo watufichulia kosa kubwa zaidi. Katika mifumo ya jamii ya Unix ruhusa ni tatu, na mwongozo wazitaja kuwa ni kusoma, kuandika na kutekeleza. Kwa faili, sawa. Lakini katika folda kuna nini cha kutekeleza? Ruhusa ya kwanza huonyesha majina ya vilivyomo. Ya pili huwezesha kuongeza na kufuta. Ya tatu humpitisha mtu mlangoni. Mwenye ya tatu bila ya ile ya kwanza ni kama mtu apitaye ukumbini gizani: hawezi kuhesabu milango, ila akikijua chumba akitakacho atakifikia, na kama hakikufungwa ataingia. Lau mfasiri angaliandika “kupita”, msomaji angalifahamu kuwa kuondoa “kusoma” peke yake hakutoshi. Akikuta “kutekeleza” ataiacha, akidhani ni mambo ya mafundi.

Aidha mwongozo wasema kuwa hazina “humthibitisha” mtumiaji. Neno hilo ni zito mno. Mfumo wa NFS, uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems katika miaka ya 1980, katika utaratibu wake wa kawaida huipokea namba ya mtumiaji kama ilivyotajwa na kompyuta inayoomba. Mgeni ataja jina, bawabu asadiki. Huko ni kujitambulisha. Kuthibitishwa huanza pale panapotumiwa utaratibu kama Kerberos, ambapo mgeni hana budi kutoa hati. Tena msimamizi wa hazina, mfano wa mwenye nyumba, ana funguo za vyumba vyote. Mfasiri asiahidi siri palipo na faragha tu. Panapotakiwa siri, sharti faili lenyewe lisimbwe kabla ya kuwekwa.

Kuhusu folda yenyewe, wako wapendao kabrasha na wako wapendao jalada. Mimi naliogopa jalada, kwa kuwa karani wa masjala analo tayari mkononi, la karatasi. Akiambiwa “funga jalada” hatajua ainuke au aketi.