Mwezi Angani, Mshipi Mkononi: Uvuvi wa Likizo Mjini Dar

Mvuvi wa likizo anayetoka Kariakoo hujiandaa kwa kila kitu: nailoni, ndoana za namba tatu tofauti, machubwi mfuko mzima. Saa nne asubuhi yuko ufukweni, kando ya Barabara ya Barack Obama, anakuta maji yamekupwa, mwamba umebaki mkavu na kina kiko mbali kuliko anavyoweza kutupa. Adhuhuri anarudi mikono mitupu, analaumu chambo.

Kumbe jibu lilining'inia dukani aliponunua ndoana: kalenda ya Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Dar huwa katika bamvua. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kila siku inayofuata, muda husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo mwezi 15 shusha mshipi kuanzia saa nane mchana, maji yakiwa yanapanda na samaki wakiyafuata kutafuta chakula mwambani. Mwezi 7 au 8 ni maji mafu: hayapandi sana, na hujaa asubuhi na usiku.

Sasa mshipi wenyewe. Wengi hufunga ndoana mwishoni na chubwi juu yake, ndoana ikalala chini na kunasa mwambani. Geuza: chubwi liwe mwisho, ndoana ikae juu yake kwa tawi fupi. Chubwi lifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Likinasa, utapoteza chubwi peke yake. Nailoni izungushe kwenye chupa tupu ya maji, kisha uipitishe juu ya kidole cha shahada. Changu hudonoa kwanza. Ukivuta hapo, umempa chambo bure. Subiri avute yeye.

Kaa hahitaji ndoana. Funga kichwa cha samaki kwenye kamba, kitumbukize, kisha kivute polepole. Ulafi humfanya ang'ang'anie, lakini akitoka tu majini huachia. Mtangulie: wavu wenye mpini upite chini yake angali ndani ya maji. Mshike kwa nyuma, magando yasikufikie. Mgeuze tumbo: kifuniko chembamba ni dume, kipana ni jike. Jike mwenye mayai mrudishe.

Mikoko ya mdomo wa Msimbazi, kati ya Daraja la Selander na la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, iko karibu na inashawishi. Lakini mto huo hubeba majitaka ya jiji. Kaa wa pale wavue kwa mchezo, uwaachie. Wa kula, panda pantoni uvuke Kigamboni. Na kabla hujapanda, tazama leo ni mwezi ngapi.