Kamba ya Pili: Hesabu ya Usalama wa Mpogoaji Juu ya Mti

Mwaka 2019 HSE, mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, iliwaambia wapogoaji wa miti jambo lililowakera wengi wao: kupanda kwa kamba moja, kama walivyozoea kwa miongo kadhaa, kusihesabiwe tena kuwa ndiyo kawaida. Mwaka uliofuata mwongozo wa fani hiyo, unaotolewa na chama cha Arboricultural Association, ukatoka katika toleo la pili ukiwa umeliingiza sharti hilo. Kisheria halikuwa geni. Kanuni za Kazi za Juu za 2005, zilizotokana na agizo la Umoja wa Ulaya la 2001, zilikwisha kutaka mfumo wa kamba uwe na angalau kamba mbili, kila moja na mahali pake pa kufungiwa, isipokuwa pale tathmini itakapoonyesha kwamba kamba ya pili inazidisha hatari. Kwa miaka kama 14 wapogoaji walijibanza ndani ya hiyo “isipokuwa”. Nadhani HSE ilikuwa sahihi kuwatoa humo, na sababu yake haihusiani na nguvu ya kamba. Kamba moja inatosha kabisa kumbeba mtu. Visivyotosha ni vitu vitatu vinavyoizunguka: mti inapofungwa, mnyororo wa msumeno, na mkono wa mpandaji mwenyewe.

Tuanze na kamba, maana ndiyo inayolaumiwa kwanza na ndiyo yenye hatia ndogo kuliko vyote. Kamba ya kupandia ya kiwango cha Ulaya EN 1891, aina A, hutakiwa kuhimili kani isiyopungua kilonewtoni 22, sawa na uzito wa kilo 2,200 na ushei. Mpandaji na vifaa vyake vyote, tuseme kilo 100, hafiki sehemu moja ya ishirini ya hapo. Hata tukitoa nguvu inayopotea kwenye mafundo, akiba iliyobaki ni kubwa. Isitoshe, kanuni za 1998 za vifaa vya kunyanyulia zinataka kila kifaa kinachombeba mtu kikaguliwe na mjuzi angalau kila miezi 6: mishono ya mkanda, mlango wa karabina, nyuzi za kamba. Anayesema dawa ni kununua kamba nene zaidi anaimarisha kiungo ambacho tayari ni imara kuliko vyote. Kama kamba ya pili ingekuwa na kazi hiyo tu, wapinzani wake wangekuwa wameshinda mapema.

Mti ni habari nyingine. Hauna cheti, na ubovu wake hukaa ndani. Fangasi wanaweza kula moyo wa shina huku gome likiwa zima na majani yakiwa mabichi. Tangu ugonjwa wa fangasi unaoua miti ya ash uthibitishwe Uingereza mwaka 2012, mafundi wamejifunza kwa gharama kwamba mti ulioambukizwa hukauka na kuvunjika kwa urahisi usiotazamiwa. Kuna pia hesabu ambayo macho hayaioni. Siku hizi wengi hupitisha kamba kwenye panda ya juu, wakafunga upande mmoja chini ya shina na kupanda kwa upande wa pili. Upande wa mpandaji unavuta kilo 100; upande uliofungwa nao, ili kamba isiteleze, unavuta karibu kiasi hicho hicho. Panda iliyo juu basi inabeba karibu kilo 200, ukiacha kinachopunguzwa na msuguano. Ndiyo maana kabla ya kupanda huwa desturi watu wawili kuning'inia pamoja kwenye kamba kuijaribu. Jaribio hilo lina faida, ila linapima mvuto wa kwenda chini peke yake. Baadaye mpandaji atatembea hadi karibu na ncha ya tawi, na kamba itaanza kuivuta panda ile kwa ubavu, mvuto ambao hakuna aliyeujaribu. Kamba mbili zilizofungwa kwenye matawi tofauti zinaweza kugawana mvuto huo, na tawi moja likisaliti, la pili lipo.

Msumeno wa mnyororo, chenso kama unavyoitwa mitaani, una ukatili wake. Suruali za kujikinga hupangwa kwa madaraja kulingana na kasi ya mnyororo: la 1 ni mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, la 2 ni mita 24, la 3 ni mita 28. Suruali hizo hufanya kazi kwa ujanja. Ndani mna nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huzichomoa, zikajisokota kwenye gia inayouzungusha mpaka ukakwama. Kamba haina ujanja huo. Imekazwa kwa uzito wa mtu, na kamba iliyokazwa hivyo ikiguswa na mnyororo unaozunguka imekwisha. Sasa mtazame fundi anapokata: ameegemea nje kwa pembe, kamba yake kuu inapita pungufu ya urefu wa mkono kutoka kwenye tawi analolikata, na kamba fupi ya kiunoni, mara nyingi yenye waya wa chuma ndani, imelizunguka shina. Waya ule umewekwa kwa sababu fundi anajua msumeno utakaribia. Kufunga tegemeo la pili wakati wa kukata kulikuwa desturi ya kazi hata kabla ya 2019. Kwa hiyo hoja yenyewe ilikwisha kukubaliwa, na ubishi uliobaki ulikuwa juu ya muda tu: wakati wa kukata peke yake, au tangu mguu unapoacha ardhi?

Jibu linapatikana kwenye kitu cha tatu, mkono. Mpandaji mwenye kamba moja, akifika kwenye tawi linalomzuia, hana budi kujifunga kwa kamba fupi, kufungua kamba kuu, kuirusha juu ya tawi, kisha kuifunga tena. Katika mti mkubwa hurudia mzunguko huo mara nyingi kwa siku, kila mara kukiwa na sekunde ambazo maisha yake yanategemea kukumbuka nini kimefungwa na nini kimefunguliwa. Asubuhi atakumbuka. Alasiri, mikono imekufa ganzi kwa mtetemo wa msumeno, mwenzake anapiga kelele kutoka chini na mashine ya kusaga matawi inanguruma, uwezekano wa kukosea unakua, na uzoefu hauufuti: aliyezoea zaidi ndiye anayefungua bila kutazama. Kuanguka kutoka mita 10 huchukua kama sekunde 1.4, na mtu hufika chini kwa kasi ya karibu kilomita 50 kwa saa; hakuna nafasi ya kurekebisha kosa. Kwa kamba mbili, moja hubaki imefungwa wakati nyingine inahamishwa, kwa hiyo usahaulifu mmoja haumwangushi.

Wapinzani wana hoja zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kamba zinatatizana: fundi anayehangaika na ncha nne za kamba zinazoning'inia huchoka mapema na kuuangalia msumeno kidogo. Ni kweli kwa mtu aliyefundishwa kamba moja na kuongezewa ya pili siku ya kazi. Mafunzo ndiyo yanayotibu hilo, na kulisuka upya zoezi la kupanda ni gharama ya kipindi cha mpito. Ya pili ni nzito zaidi. Shina likipasuka katikati ya kukatwa, au kipande kikubwa kikigeuka njia, fundi anahitaji kuondoka upesi, na aliyefungwa mara mbili huondoka polepole. Hapo nakubali bila kigugumizi. Lakini ndilo tukio hasa ambalo kanuni za 2005 ziliachia mlango kwa neno “isipokuwa”. Tofauti ni kwamba mlango huo hufunguliwa kwa mti huu na mkato huu, baada ya mtu kueleza sababu. Fani nzima haiwezi kuishi mlangoni. Ya tatu ni muda na bei: kazi ya siku moja inakuwa ya siku moja na nusu, na mshindani asiyejali anachukua mteja. Hoja hii inathibitisha kwamba sharti lazima liwe la wote, maana likiachwa kwa hiari ya kila mmoja, mwangalifu ndiye anayeadhibiwa sokoni.

Faida nyingine ya kamba ya pili huonekana siku ya ajali. Kanuni zinataka uokoaji uwe umepangwa kabla ya kazi kuanza, na mwongozo wa fani unataka pale chini awepo mtu mwingine anayeweza kupanda na kumshusha aliyeumia. Fundi aliyejikata paja au aliyezirai ndani ya mkanda wake ana dakika chache, na zimamoto huenda wasifike na ngazi inayoweza kupenya matawi. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Juu ya mti anayemngoja majeruhi chini huenda akampokea maiti. Kamba iliyokwisha kupitishwa juu humpa mwokoaji njia ya kupandia mara moja, badala ya kuanza kurusha uzi mpaka ushike panda.

Hata hivyo kamba mbili zina mipaka. Kanuni zile zile zinaanza kwa kuuliza kama kuna haja ya kupanda. Tawi linaloweza kukatwa kwa msumeno wa mpini mrefu likatwe kutoka ardhini, na mti uliooza ufikiwe kwa gari lenye jukwaa la kunyanyulia watu. Karibu na nyaya za umeme kamba haina msaada wowote: dawa ni kukata umeme au kukaa mbali. Marekani kiwango cha ANSI Z133 kinamtaka mpogoaji asiye na mafunzo maalumu ya umeme akae angalau mita 3.05 kutoka kwenye nyaya za kawaida za usambazaji.

Kwetu Afrika Mashariki miti na zana ni tofauti, lakini hesabu ni ile ile. Mnazi hauna panda. Mkwezi hupanda kwa kata zilizochongwa shinani au kwa kitanzi cha miguuni, na akifika kileleni hushika kuti kwa mkono mmoja na panga kwa mkono wa pili. Kuti kavu hung'oka, na mkono uliolishika ndio uliokuwa tegemeo lake. Kitanzi cha kiunoni kinachozunguka shina kabla panga halijainuliwa ndicho kamba ya pili ya mnazi. Mchumaji wa karafuu Pemba hufuata vikonyo hadi kwenye matawi mepesi. Kamba yake ifungwe kwenye shina kuu juu ya kichwa chake, kwa kuwa tawi alilolikanyaga likivunjika linaondoka na kamba iliyofungwa hapo. Atakayesema vifaa ni ghali ana haki kwa sehemu: kamba ya dukani ya kufungia mizigo haina kiwango, na ya kupandia ina bei. Lakini utaratibu wa kutofungua kimoja kabla ya kufunga kingine hauna bei, wala kumweka chini mtu anayejua kupanda.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na Kenya ina yake ya 2007. Zote zinambebesha mwajiri wajibu. Ugumu ni kwamba anayeitwa kuukata mwembe unaolalia bati mara nyingi hana mkataba, na anayemwita hajioni kuwa mwajiri. Basi maswali yaanze pale bei inapojadiliwa: kamba ya pili utaifunga wapi, na ukiumia nani atapanda kukushusha? Fundi mwenye majibu atatoza zaidi, na nyongeza hiyo ni sehemu ya gharama halisi ya kuukata mti. Bei ya chini isiyo na majibu hayo imemwachia fundi sehemu hiyo ailipe mwenyewe.